Je, Wajua? Kilo ya Sukari Iliyopotelea Zizini

Je, wajua kwamba ng'ombe wa maziwa akivamiwa vikali na sumu ya bakteria, kinga yake inaweza kumaliza zaidi ya kilo moja ya sukari ya damu kwa saa 12 tu? Ifikirie ile pakiti ya kilo moja kwenye rafu ya dukani kwa Mangi. Imekwisha kati ya kukamua kwa alfajiri na kukamua kwa jioni, na hakuna aliyekunywa chai.

Hesabu hiyo ilifanywa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, na ikachapishwa mwaka 2017. Watafiti waliwadunga ng'ombe wa Holstein sumu, kisha wakawatundikia dripu ya glukosi ili sukari ya damu isishuke. Mwishoni wakajumlisha glukosi iliyopita kwenye dripu na ile ambayo ingekwenda kwenye maziwa lakini haikwenda. Ni hesabu ya muuza duka anayekagua stoo usiku: kilichoingia, kilichotoka, kilichopotea. Wafugaji tumezoea kumlaumu mdudu kwamba amekula maziwa. Mdudu hana tumbo la kula kiasi hicho. Waliokula ni askari wa ng'ombe mwenyewe, yaani seli za kinga yake.

Wajua lita moja ya maziwa inadai glukosi kiasi gani? Gramu 72 hivi, kwa kuwa sukari ya maziwa, laktosi, hutengenezwa kwa glukosi ya damu. Gawanya mwenyewe: kilo moja iliyoliwa na askari ni karibu lita 14 za maziwa.

Na glukosi yenyewe ng'ombe haipati hivihivi. Sukari na wanga anavyokula huliwa kwanza na vijidudu wa tumbo lake kubwa, nao humrudishia asidi. Ini lake huchukua asidi mojawapo, propioniki, na kuigeuza kuwa glukosi. Kwa maneno mengine, mnyama anayetoa ndoo mbili za maziwa matamu kwa siku karibu hanyonyi sukari yoyote kutoka kwenye chakula chake. Nikilifikiria hili huwa namheshimu ng'ombe kuliko watu kadhaa ninaowafahamu.

Je, wajua sumu tunayoizungumzia iko wapi hasa? Haitemwi na bakteria kama mate ya swila. Ni sehemu ya ukuta wao wa nje: mafuta yaliyoungwa na mnyororo wa sukari, yaitwayo lipopolisakaridi, au kwa jina la mkato endotoksini. Bakteria akiwa mzima huwa ameivaa kama koti. Akifa na kupasuka, koti hilo linachanika vipande na kusambaa. Ndiyo maana kuua bakteria wengi kwa mkupuo mmoja kunaweza kumzidishia mgonjwa homa kwa muda.

Si bakteria wote wenye koti hilo. Mdenmaki Hans Christian Gram aligundua mwaka 1884, akiwa Berlin, kwamba rangi ya zambarau hung'ang'ania baadhi ya bakteria na kuwatoka wengine. Wale wanaoachwa na rangi ndio wenye endotoksini. E. coli wa kwenye samadi ni mmoja wao.

Jina "endotoksini", yaani sumu ya ndani, lina zaidi ya karne. Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi chini ya Robert Koch, alikuwa akichunguza kipindupindu mwaka 1892. Aliwaua bakteria kwa joto, akawadunga wanyama wa maabara maiti hizo za bakteria, na wanyama wakafa. Joto lilikuwa limeua kiumbe, sumu ikabaki. Hata leo viwanda vya dawa vikitaka kuiharibu kwenye chupa za kioo huzichoma kwenye tanuri kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Sufuria ya jikoni haifiki huko.

Wajua inapimwa kwa damu ya mnyama wa baharini? Yupo kiumbe mwenye gamba kama kofia ya chuma kwenye mwambao wa mashariki wa Marekani, aitwaye Limulus, jamaa wa buibui kuliko kaa, mwenye damu ya buluu. Frederik Bang aliripoti mwaka 1956 kwamba damu yake huganda ikiguswa na bakteria wa aina hii. Baadaye yeye na Jack Levin wakageuza jambo hilo kuwa kipimo. Kabla ya hapo dawa za sindano zilijaribiwa kwa kumdunga sungura na kumpima homa. Watafiti wa ng'ombe nao hutumia kipimo hicho hicho cha Limulus kuhesabu endotoksini katika maji ya tumbo la ng'ombe: damu ya baharini inapima tope la zizini.

Sasa tuingie kwenye kiwele, maana hapo ndipo mfugaji anapouonja uchungu.

E. coli akiingia kupitia tundu la chuchu, tuseme ng'ombe amelala kwenye tope mara tu baada ya kukamuliwa, tundu likiwa bado wazi, huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi mambo yakimwendea vizuri. Ndani ya saa chache seli nyeupe zinatoka kwenye damu na kumiminika kiweleni. Robo iliyoshambuliwa inavimba, inapata joto, inauma, na badala ya maziwa unakamua majimaji ya manjano kama maji ya usaha. Kuna ng'ombe unayemwacha mzima jioni na kumkuta asubuhi amelala chini, masikio baridi, hataki kula.

Je, wajua robo moja ikiugua hata zile tatu nzima hupunguza maziwa? Robo za kiwele hazina mlango wa kupitishiana maziwa; kila moja ina mifereji yake. Lakini zote zinanyweshwa na damu moja, na kila lita ya maziwa huhitaji lita 400 au zaidi za damu kupita kiweleni. Damu hiyo ikibeba ujumbe wa vita, robo zote zinausikia.

Wajua kwa nini maziwa ya kiwele kigonjwa huwa na chumvichumvi? Kwa kawaida seli za kiwele zimebanana kama mkeka uliosukwa vizuri. Uvimbe unalegeza ususi huo: sodiamu na kloraidi za damu zinavujia kwenye maziwa, na laktosi nayo inatorokea kwenye damu na kuishia kwenye mkojo. Utamu unatoka, chumvi inaingia. Shangazi yangu alikuwa anachovya kidole na kulamba, kisha anatangaza ng'ombe gani mgonjwa. Hakukosea mara nyingi, ingawa kulamba maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa ni tabia ambayo simshauri mtu. Mashine za kisasa za kukamua hufanya alichofanya yeye bila ulimi: hupima jinsi maziwa yanavyopitisha umeme, kwa sababu chumvi hupitisha vizuri zaidi.

Na ule ute unaoonekana kwenye kibao cha vikombe vinne ambacho bwana mifugo hukitumia? Kipimo hicho kilitoka California mwaka 1957, kazi ya Schalm na Noorlander. Dawa yake ni aina ya sabuni. Sabuni inapasua seli nyeupe zilizomo kwenye maziwa, vinasaba vyake vinamwagika na kushikamana kama mlenda. Mlenda ukizidi uzito, ujue askari ni wengi. Kiwele chenye afya kwa kawaida huwa na seli zisizofika 200,000 kwa mililita; chenye ugonjwa mkali kinafika mamilioni.

Wajua askari hao wakiingia vitani hubadilisha hata namna ya kula? Seli iliyotulia huchoma glukosi taratibu kwa oksijeni na kupata nguvu nyingi kutoka kwenye kila chembe. Seli nyeupe iliyoamshwa huikatakata glukosi haraka haraka, inachukua nguvu kidogo na kutupa iliyobaki. Otto Warburg, Mjerumani aliyepata Nobel mwaka 1931, aliiona tabia hiyo kwenye seli za saratani. Ni ubadhirifu, lakini ubadhirifu wenye kasi, na vitani kasi ndiyo inayotafutwa. Kilo ya sukari ya Iowa kwa sehemu kubwa ilipita kwa mlango huo.

Hili nalo ni la ajabu: ng'ombe aliyedungwa endotoksini hagusi chakula, lakini insulini yake hupanda. Ng'ombe mwenye njaa ya kawaida insulini yake hushuka na mafuta ya mwilini huyeyushwa kufidia. Huyu mgonjwa ana njaa, huku homoni zake zinazungumza kama za aliyeshiba.

Chuma cha damu nacho hufichwa. Bakteria wanakihitaji ili kuzaliana, kwa hiyo mwili unakitoa kwenye mzunguko na kukifungia ndani ya seli. Kiweleni kuna protini iitwayo laktoferini inayokidaka chuma kabla E. coli hajakigusa. Hii ni kuteka ghala la adui bila kurusha mshale.

Je, wajua kalsiamu ya damu hushuka pia baada ya sumu kuingia? Sote tumefundishwa kwamba ng'ombe anayeanguka baada ya kuzaa ana homa ya maziwa, na kwamba dang'a limemnyang'anya kalsiamu. Hilo ni kweli: lita 10 za dang'a hubeba gramu 20 na ushee, wakati maji ya damu yake yote yana gramu 3 hivi. Ila katika majaribio, endotoksini peke yake inaishusha kalsiamu ndani ya saa chache, hata kwa ng'ombe ambaye hakuzaa jana. Kwa hiyo ng'ombe aliyelala chini baada ya kuzaa, mkono wa daktari ukienda kwenye chupa ya kalsiamu, mwingine uende kiweleni na kwenye kizazi. (Jina "homa ya maziwa" lenyewe ni la kupotosha: mgonjwa huyo kwa kawaida hana homa, mwili wake ni baridi. Joto la ng'ombe mzima ni nyuzi 38.5 hivi.)

Kondo la nyuma lisipotoka kwa siku nzima, linaoza ndani, na kizazi kinageuka kiwanda kingine cha sumu hiyohiyo.

Tuje tumboni. Wajua ng'ombe mwenye afya tele ana endotoksini tele tumboni mwake sasa hivi? Tumbo kubwa la Friesian hubeba zaidi ya lita 100, na kila mililita ya maji yake ina bakteria mabilioni, wengi wao wakiwa wa kundi lenye koti. Wanazaliwa na kufa humo kila siku. Haimdhuru, kwa sababu iko upande wa pili wa ukuta. Isitoshe, endotoksini ya bakteria wengi wa tumboni ni dhaifu kuliko ya E. coli: mafuta ya koti lao yana umbo ambalo kinga haishtuki sana ikiliona. Wanaoandika kana kwamba kila gramu ya endotoksini ni sawa na nyingine wanakosea.

Taabu inaanza pale majani yanapopungua na unga kuongezeka. Mfugaji ameambiwa ng'ombe akila pumba atatoa maziwa, basi anamimina pumba, unga wa mahindi, machicha ya pombe, ganda la ndizi, vyote kwenye hori kwa mpigo. Wanga huchacha upesi. Asidi inapanda, pH inashuka chini ya 5.6 na kukaa hapo kwa saa kadhaa, wale bakteria wenye koti wanakufa kwa wingi, na endotoksini ya tumboni inapanda mara kadhaa. Ngozi ya ndani ya tumbo, iliyochomwa na asidi, inaanza kuvuja.

Dawa ya kwanza ya asidi hiyo ng'ombe anayo mdomoni. Akila majani marefu na kucheua sawasawa hutoa mate lita 100 na zaidi kwa siku, yenye bikaboneti ileile iliyomo kwenye magadi. Unga haumfanyi acheue. Ukipita bandani mchana ukakuta ng'ombe wote wamelala lakini midomo haichezi, huhitaji maabara.

Na yule ng'ombe aliyekata kamba usiku akavamia gunia la mahindi? Huyo si wa kungoja asubuhi. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, tumbo limejaa maji na asidi.

Wajua sehemu dhaifu zaidi si tumbo kubwa? Ukuta wake una tabaka kadhaa za seli. Utumbo mkubwa, kule nyuma, una tabaka moja tu. Wanga mwingi ukipita bila kumeng'enywa na kwenda kuchachia huko, mlango unaovunjika ni ule wenye komeo moja.

Sumu inayovuja hupelekwa moja kwa moja kwenye ini kwa mshipa mkubwa unaotoka matumboni. Huko kuna seli za walinzi wanaoidaka na vimeng'enya vinavyoing'oa makali. Lakini ini ndilo hilohilo linalotakiwa kutengeneza glukosi ya maziwa. Likishtuka linageuza kazi na kuanza kumwaga protini za dharura. Mojawapo, haptoglobini, karibu haionekani kwenye damu ya ng'ombe mzima. Kwenye uvimbe mkali inapanda zaidi ya mara 100. Bakteria mwingine, Fusobacterium necrophorum, hufuata njia hiyohiyo kutoka kwenye vidonda vya tumbo na kuacha majipu kwenye ini, ambayo mchinjaji huyaona na mfugaji hajui yalitoka wapi.

Je, wajua jua peke yake linaweza kufungua mlango huo wa utumbo? Wafugaji wa Tanga na Dar es Salaam wenye Friesian msome hapa mara mbili. Friesian huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 hivi, hasa kukiwa na unyevu. Ili apoe, mwili husukuma damu kwenye ngozi. Matumbo yanapungukiwa damu na oksijeni, na ususi wa seli zake unalegea. Tulidhani maziwa hupungua joto likizidi kwa sababu tu ng'ombe anakula kidogo. Watafiti wakawaweka wengine kwenye ubaridi na kuwapa chakula kidogo kilekile ambacho wenzao walio kwenye joto walikila. Wa ubaridini nao walipunguza maziwa, ila kama nusu tu ya upungufu wa wenzao, au chini ya hapo. Nusu nyingine haikutokana na njaa. Kivuli na maji bandani, basi, vinalinda pia utumbo.

Wajua kuna chanjo ya E. coli isiyozuia E. coli? Inaitwa J5, na imetengenezwa kwa bakteria aliyekosa ule mnyororo wa sukari wa nje wa koti lake, akabaki na kiini tu kinachofanana kwa wengi. Ng'ombe aliyechanjwa bado anaweza kupata ugonjwa wa kiwele, lakini mara nyingi haumwi hadi kulala chini.

Si kila sumu hutoka kwenye koti. Staphylococcus aureus hana endotoksini hata chembe. Yeye hutema sumu zake nje, nyingine kali kiasi cha kuoza robo ya kiwele ikawa nyeusi na baridi. Na kuna yake moja inayovumilia kuchemshwa. Maziwa yakiachwa kwenye joto saa nyingi, bakteria wakazaliana na kutema, ukichemsha unaua bakteria na kunywa sumu. Japani waliyaona hayo mwaka 2000: umeme ulikatika kiwandani Hokkaido, maziwa yakakaa bila ubaridi, unga wake ukapashwa joto kama kawaida, na watu zaidi ya 13,000 wakaugua, wengi wao Osaka.

Chambavu ni sumu. Kimeta ni sumu, tena yenye sehemu tatu zinazoshirikiana; mzoga wake usipasuliwe kamwe. Na botulini, inayompata ng'ombe anayetafuna mifupa ya mizoga kwa kukosa fosforasi malishoni, haileti uvimbe wala homa: inafunga mishipa ya fahamu tu, mnyama anapooza macho yakiwa wazi. Arnold Theiler alifumbua fumbo hilo Afrika Kusini karne moja iliyopita.

La mwisho, nililoliweka kiporo makusudi. Wajua njia ya kuelewa haya yote ilipitia kwa ng'ombe wa Afrika mwenye nagana? Ng'ombe aliyeumwa na mbung'o hukonda mpaka mbavu zihesabike, na mara nyingi vimelea kwenye damu yake ni wachache mno kuweza kumla hivyo. Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, akashikwa na swali hilo: nani anamkondesha? Kwa sungura waliopewa vimelea hivyo aliona damu imejaa mafuta yasiyotumika, kana kwamba mwili umekatazwa kuyaweka akiba. Akashuku kwamba mkatazaji ni mwili wenyewe, na kitu hicho akakiita kakektini. Mwaka 1985 yeye na kijana Bruce Beutler wakaonyesha kwamba kakektini ndiyo ileile protini ya kinga iliyokwisha kujulikana kwa jina jingine, TNF. Beutler akaendelea kutafuta kengele inayoiamsha, akaipata mwaka 1998 kwa kutumia panya ambao endotoksini haikuwatikisa: kipokezi kiitwacho TLR4, ambacho ng'ombe wako naye anacho. Mwaka 2011 akapewa Nobel.

Na ili kuipata hiyo kakektini kwa wingi maabara, hawakuhitaji mbung'o wala vimelea vya nagana. Walichukua seli nyeupe za panya, wakazimwagia endotoksini, wakasubiri.